Wajibu wa kampuni uelezwe mapema

Mhariri,

Miaka mitatu iliyopita, mimi na mdogo wangu, wakamuaji wa alizeti hapa Kizota, tulisajili BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, kampuni yenye dhima ya kikomo (ambayo madeni yake hayamwangukii mwenye hisa zaidi ya hisa zake), tukakitundika cheti juu ya mashine tukiamini kazi imekwisha. Aliyetuandalia nyaraka hakutueleza kwamba Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 inaitaka kampuni iwasilishe taarifa kwa Msajili kila mwaka, hata isipouza debe moja la mafuta, na kwamba ritani, yaani taarifa za kodi, za TRA (Mamlaka ya Mapato) ni wajibu mwingine kabisa. Faini ikatuumiza sana. Nawaomba maofisa biashara wa halmashauri, ambao wenzetu huwaendea kufuatilia leseni, wawaeleze hayo mapema, kwa Kiswahili chepesi.

Mkamuaji alizeti,
Kizota, Dodoma