Bendera za Mapinduzi zisiachwe zikachakaa mlingotini

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako. Mimi ni fundi cherehani hapa Chake Chake. Kila ikikaribia Januari 12, sikukuu ya Mapinduzi ya Zanzibar, bendera huonekana kila mahali, maskuli na maofisi yakapendeza. Kwa hilo sina ugomvi. Ugomvi wangu ni kwamba sherehe zikimalizika hakuna anayekumbuka kuziteremsha, na masika huzikuta pale pale.

Ipo moja hapa mjini, juu ya mlango wa ofisi ambayo sitoitaja. Buluu imechuja, nyeusi imekuwa kijivu, na upande unaopepea umechanika nyuzi nyuzi. Tena imetundikwa kichwa chini: kijani iko juu, na kile kibendera cha Muungano ambacho mahali pake ni pembeni juu, karibu na mlingoti, kinaning'inia chini. Nilimwambia mlinzi. Akanijibu nimsubiri mkubwa wake arudi safari.

Najua wapo watakaosema kitambaa tu hicho. Lakini kwa vitambaa hivyo mtu anaweza kuisoma historia yetu. Bendera nyekundu ya Sultani ilibadilishwa Disemba 10, 1963, ikaja nyekundu yenye duara la kijani na karafuu mbili ndani yake. Hiyo haikufika hata miezi miwili. Usiku wa kuamkia Januari 12, 1964, zilivamiwa ghala za silaha za polisi Ziwani na Mtoni, serikali ikaanguka, na bendera yake ikaanguka nayo. Kabla ya Januari kwisha zikawa zinapepea buluu, nyeusi na kijani, rangi za chama cha Afro-Shirazi. Baada ya Muungano hatukuwa na bendera yetu wenyewe kwa miaka mingi, mpaka ilipopandishwa hii ya sasa Januari 2005. (Wakati ule watu walibishana sana, nadhani wasomaji wanakumbuka.)

Mnara wa kumbukumbu ya miaka 50 ya Mapinduzi uko Michenzani, Unguja. Sisi wa Pemba wengi wetu hatuuoni ila tukivuka. Kumbukumbu ambayo mtoto wa huku anaipita kila asubuhi akienda skuli ni hiyo bendera, na ikiwa ni tambara, basi tambara ndilo analolijua.

Ombi langu kwa masheha na wakuu wa ofisi ni dogo. Za mapambo ziteremshwe sherehe zikisha, zikunjwe, ziwekwe. Za kudumu zinunuliwe za kitambaa kizito, si hizi nyepesi zilizopigwa chapa ambazo jua la mwezi mmoja linazimaliza, na pindo la upande unaopepea lishonwe mistari mitatu au minne, kwa sababu upepo huanzia hapo kuchana. Iliyochanika pindo tu niletewe, nitaishona bila malipo. Iliyochuja rangi sina dawa yake, inunuliwe nyengine.

Fundi cherehani,
Chake Chake, Pemba