Wanaoomba udaktari wahesabu miaka yote mitano

Ndugu Mhariri,

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, nyumba nyingi zenye mtoto aliyesoma PCB (fizikia, kemia na biolojia) hubishania jambo lilelile: asubiri nafasi Muhimbili kwa ajili ya jina, au aende chuo chochote kitakachompokea? Naomba nafasi niwaambie wazazi kwamba kabla ya jina waulize wagonjwa wako wapi, na kabla ya ada ya mwaka wa kwanza wapige hesabu ya miaka yote mitano.

Kozi ya MD, yaani shahada ya udaktari, ni miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kazini. Miaka miwili ya mwanzo hutawaliwa na anatomia, fiziolojia na biokemia. Kuanzia wa tatu mwanafunzi anahamia wodini: magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, uzazi. Hapo ndipo vyuo vinapoachana. KCMC ya Moshi na Bugando ya Mwanza zilikuwa hospitali za rufaa tangu 1971. Chuo cha Moshi kilianza 1997, cha Bugando 2003. Sifa ya vyuo hivyo imebebwa na hospitali iliyotangulia, na ndivyo ilivyo kwa MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, na Hospitali ya Muhimbili.

Lakini hata hospitali kubwa hujaa. Wanafunzi wanane wakizunguka kitanda, kila mmoja atapapasa ini na kusikiliza moyo. Wakiwa 25, wa nyuma huona migongo ya makoti meupe tu, kisha hunakili alichoandika mwenzake. Mgonjwa naye akishabonyezwa tumbo na watu sita hukataa wa saba, na ana haki. Kwa hiyo ulizeni: kundi moja la wodini lina wanafunzi wangapi? Maiti moja ya anatomia inapasuliwa na wangapi? Wahadhiri wa kudumu ni wangapi, na wanaokuja kwa vipindi tu ni wangapi? Maswali hayo aulizwe mwanafunzi wa mwaka wa nne. Ofisi ya udahili itawapa kipeperushi.

Sasa fedha. Tuseme chuo cha umma kinatoza Sh1.8 milioni kwa mwaka na cha binafsi Sh5 milioni. Kwa miaka mitano tofauti ni Sh16 milioni, kabla ya chumba, chakula, vitabu, koti, stetoskopu, bima na ile Sh20,000 ya kila mwaka ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu). Mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo) una ukomo upande wa ada, kwa hiyo pengo hubaki kwa mzazi. Familia nyingi hukwama mwaka wa tatu, akiba ikiwa imeisha na mtoto akizuiwa kufanya mitihani kwa deni la ada. Kurudia mwaka ni pigo jingine: ada inalipwa upya, na mkopo kwa kawaida husimama. Chuo chenye ada ndogo lakini kinachorudisha nyuma nusu ya darasa si cha bei nafuu.

Kwa maoni yangu, mwenye nafasi ya chuo cha umma chenye hospitali ya kufundishia asiiache kufuata jina la chuo ghali. Baraza la Madaktari Tanganyika humsajili mhitimu wa chuo chochote kinachotambuliwa, na ngazi ya mshahara serikalini haiangalii alisoma wapi. Jina husaidia baadaye, katika ubingwa na utafiti, tena kidogo.

Wanaopelekwa nje kupitia mawakala wawe waangalifu zaidi. Darasa linaweza kufundishwa kwa Kiingereza, lakini mgonjwa wa China au Urusi anaeleza maumivu yake kwa lugha yake. Mwanafunzi asiyeielewa hatajua kuchukua historia ya mgonjwa. Ada ya dola nayo hupanda shilingi inaposhuka. Kabla ya kulipa chochote, hakikisheni TCU inakitambua chuo hicho na ombeni cheti chake cha kutokuwa na pingamizi, kwa sababu shahada itabidi itambuliwe na TCU na baadaye ipite kwa Baraza.

Na atakayechaguliwa na chuo zaidi ya kimoja akumbuke kuthibitisha kimoja kwa namba ya siri anayotumiwa kwenye simu, ndani ya muda uliotangazwa na TCU. Namba ya simu iliyojazwa kwenye fomu iwe yake au ya mzazi, si ya mwenye stesheneri aliyemsaidia kuomba.

Msomaji wenu,
Moshi