Barua kwa mdogo wangu aliyenunua kobe nyota

Mdogo wangu,

Picha zako zimenifikia usiku wa manane, na chini yake maneno mawili: "Dada, anakua!" Nilifurahi. Kisha nikaikuza ile picha ya tatu ili nimwone mgongo vizuri, na usingizi ukaniruka. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu najua hauko peke yako. Wapo vijana wetu wengine hapa Uingereza waliompenda kobe huyu kwa zile nyota za gambani na hawana mtu wa kuwaelekeza.

Kobe nyota kwao ni India, Sri Lanka na Pakistani, kwenye vichaka na nyanda za nyasi ambazo hukauka miezi mingi, kisha mvua za pepo za monsuni zikashuka. Mvua ndiyo inayomwamsha. Hapo ndipo anakula kwa bidii, anatafuta mwenzi, anakua. Wauzaji wengi wameshika habari ya ukame tu. Aliyeniuzia wa kwangu aliniambia ni mnyama wa jangwani, nimweke kwenye mchanga mkavu chini ya taa kali, nami nikamwamini. Kobe alikula, akaongezeka uzito upesi, nikawa namwonyesha kila mgeni. Alipotimiza miaka miwili kila kipande cha gamba lake kilikuwa kimechongoka kama kichuguu.

Nilipouliza, nikajibiwa kuwa ndivyo walivyoumbwa. Hilo lina ukweli kidogo, na ndiyo maana linapoteza watu: hata kobe nyota wa porini vipande vyake vya mgongoni huvimba kiasi. Lakini wa kwangu alikuwa na vilele, na mabonde makali katikati yake. Wa kwako ameanza hivyohivyo, hasa vile vipande viwili vya nyuma.

Tazama gamba linavyokua. Kobe habambui gamba zima akavaa jipya kama nyoka na ngozi yake. Kipande alichozaliwa nacho hubaki palepale, na gamba jipya huongezeka pembeni mwake, duara baada ya duara. Kwa hiyo ile rangi ya manjano unayoiona katikati ya kila nyota ndiyo alama ya utoto wake, na miale hurefuka kadiri anavyopanuka. Hewa ikiwa kavu mno, ukuaji huo mpya haulali sawa, unasukuma kipande juu. Mwaka 2003 watafiti wa Vienna walichapisha matokeo yao juu ya kobe wachanga wa Kiafrika, wa ile aina kubwa ya ukanda wa Saheli, wakaona kuwa unyevu wa hewa ndio uliokuwa na athari kubwa kwa vilele hivyo kuliko protini ya chakula. Mimi nilikuwa nimeshughulika na chakula tu.

Kilichokwisha kuinuka hakishuki tena. Lakini cha kesho kinaweza kulala vizuri, na wako bado ni mtoto, kwa hiyo usikae.

Toa ule mchanga. Weka udongo wenye kushika maji, uwe na ubichi wakati wote, na mtengenezee pango lenye unyevu wa kama asilimia 80 alalamo. Mwogeshe kila siku kwenye maji ya uvuguvugu yanayomfika kidevuni, dakika 15 hivi. Joto lisipungue wakati kuna unyevu, maana baridi na maji pamoja humletea ugonjwa wa mapafu: chini ya taa iwe kama nyuzi 35. Na taa ya joto peke yake haitoshi, anataka pia ile ya miale ya urujuanimno (UV), bila hiyo mwili hautumii kalsiamu na gamba linalegea. Mfupa wa dome, yule jamaa wa pweza, uliotupwa na bahari, ule tuliokuwa tukiuokota ufukweni, ndio wanaouuza madukani huku. Mwekee autafune.

Matango na tufaha acha. Mpe nyasi, majani ya mpungate yaliyotolewa miiba, na dandelion, ule mmea wa maua ya njano uliojaa viwanjani. Ni ndugu wa mchunga wetu, hata uchungu wake unafanana.

Jambo moja linanitia hofu kuliko yote. Majirani watakwambia kobe hulazwa usingizi msimu wote wa baridi, wengine huwaweka hata kwenye friji. Hao ni kobe wa Mediterania. Wako hana usingizi huo. Ukimpoza utamuua.

Tena nitafutie karatasi zake. Mwaka 2019 kobe nyota alipandishwa daraja la juu kabisa la ulinzi katika CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na kumuuza hapa kunahitaji cheti maalumu. Katika mkutano huohuo wa mkataba alipandishwa pia kobe bapa wa kwetu, yule wa Kenya na Tanzania anayejibana kwenye nyufa za miamba. Wote wawili wanamalizwa na biashara hii ya kupendwa. Utafiti wa mwaka 2015 ulikadiria kuwa eneo moja tu la India lilikuwa linapoteza kobe nyota wasiopungua 55,000 kwa mwaka. Kama aliyekuuzia hakukupa cheti, niambie, tutajua la kufanya pamoja.

Mpime kwa mizani ya jikoni kila Jumapili asubuhi kabla hajala, andika gramu na tarehe. Sitaki aongezeke haraka, nataka aongezeke taratibu bila kurudi nyuma. Jike huweza kupita sentimita 25, dume mara nyingi hubaki mdogo zaidi. Bado una miaka mingi ya kungoja.

Jumamosi nakuja na kipima unyevu na gunia la udongo. Chemsha chai, na usimpe tango lolote kabla sijafika.

Dada yako