Mmeziba matundu ya gesi kwenye kempa yangu, na chini mmejaza sponji ya godoro

Mwanza, 4 Agosti 2025

Kwa Meneja wa karakana,

Habari za kazi ndugu Meneja. Mimi ni yule mwenye Coaster nyeupe ya kulala ndani, ile kempa mliyokaa nayo siku tisa mwezi wa sita mkaiziba baridi chini ya sakafu na kuishonea pazia la turubai la kuzunguka pembeni. Nimelipa milioni moja na laki nane, risiti ninayo. Tangu turudi safari ya Ngorongoro nimepiga simu mara tatu, mara ya tatu dada wa mapokezi akanijibu kwamba Ngorongoro ni baridi kwa kila mtu, basi nikaona niandike ili mwenye maamuzi asome mwenyewe.

Naanza na la gesi, la baridi litafuata.

Kwenye sakafu ya kabati la mtungi kulikuwa na matundu mawili yanayotokea chini ya gari. Yale hayakuwa ya kutu. Aliyeijenga kempa aliyaweka makusudi, maana gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi juu kama moshi, inashuka na kutambaa sakafuni kama maji yaliyomwagika, sasa kazi ya yale matundu ni kuitoa nje kabla haijajaa humo mnamolala watu na mnamowashwa kiberiti. Mafundi wenu wameyabandika foili, wakapiga silikoni pembeni, juu yake sponji. Hakuna aliyeniuliza haya matundu ni ya nini. Mngeniuliza ningewaambia, namba yangu mlikuwa nayo.

Usiku wa kwanza tulilala kambi ya Simba, juu kabisa ukingoni mwa kreta. Asubuhi saa kumi na mbili hivi mke wangu akaamka achemshe maziwa ya watoto, kufungua tu lile kabati akasikia harufu, na ile harufu mnajua imewekwa makusudi kiwandani maana gesi yenyewe hainuki. Mpira wa regileta ulikuwa umelegea kwa rafu ya barabara, unavuja kidogo kidogo. Kiberiti alikuwa nacho mkononi. Akakitupa kitandani, akafunga koki, akafungua mlango akawatoa watoto wawili nje kwenye ukungu na mablanketi yao, mi nikaamshwa na mlango. Mpira kulegea sio kosa lenu, hilo nalibeba mimi, nilitakiwa kuukagua kabla ya safari. Ila kempa ilitengenezwa ili mpira ukilegea gesi ipate pa kutokea, na nyinyi ndio mlioziba hapo pa kutokea. Nililala chini kwenye majani yenye umande nikakata sponji yenu kwa kisu cha jikoni mpaka nikayafikia matundu, mikono inatetemeka na sio kwa baridi.

Halafu kuna ekzosi. Pazia mlilolishona linapita mbele ya mdomo wa ekzosi, yani ukilifunga lote mdomo unabaki ndani. Na siku ya kukabidhiwa gari fundi wenu mkubwa aliniambia, maneno yake nayakumbuka, ngosha ukiona baridi imezidi washa injini nusu saa mpate joto. Ndugu Meneja, moshi ule ungebaki chini ya sakafu, ungepanda kupitia matundu ya nyaya na ya bomba la maji, na ndani yake kuna kaboni monoksaidi isiyo na rangi wala harufu, inaua watu wakiwa usingizini, kama tunavyosikia kila mwaka habari za jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Sikuwasha. Sikuwasha kwa sababu tu nilikuwa nabania dizeli, na kila nikikumbuka hilo nakosa usingizi.

Sasa baridi yenyewe. Mimi nimezaliwa Kirumba, nimekulia pale Mwaloni kwenye soko la samaki, marehemu baba alikuwa anakusanya sangara kwa mtumbwi kutoka visiwani, kwa hiyo habari ya kuzuia joto lisipite sikuisoma popote, nimeiona kwenye masanduku ya barafu. Lile sanduku la mbao linawekwa povu gumu, lile jeupe la kama maboksi ya samaki wanaosafirishwa nje, kila upande mpaka na kifuniko, barafu inakaa humo ziwani siku na siku kwenye jua. Hamna mvuvi anayezungushia barafu sponji ya godoro. Sponji ina vitundu vilivyo wazi, inakunywa maji, na ikishakunywa maji inapitisha baridi karibu kama vile haipo. Povu gumu vitundu vyake vimefungwa, maji hayaingii. Hiki ni kitu mtoto yeyote wa mwaloni anakijua, na karakana yenu iko mjini hapahapa.

Kwenye makubaliano yetu, nimeyaangalia tena, mmeandika kwa mkono wenu "povu gumu sm 5". Nililolikuta ni sponji ya inchi mbili iliyokatwa kwenye magodoro, kipande kimoja kina mpaka maua ya kitambaa cha godoro. Siku moja kabla ya kuondoka nilipeleka gari kuoshwa, kijana akapiga presha mpaka chini kama wanavyofanya siku zote, sikujua kwamba nainywesha sponji. Tukatoka Mwanza alfajiri, Magu, Lamadi, tukaingia geti la Ndabaka, vumbi la Serengeti mnalijua la mwezi wa saba, lote likaganda kwenye ile sponji mbichi. Tumefika juu jioni, ukungu unatembea chini chini, na usiku sakafu ikawa kama tumelala juu ya sinia la bati. Ziwa letu liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari na ule ukingo ni kama mita 2,300, kila ukipanda mita 1,000 joto linapungua kama nyuzi 6 hivi, kwa hiyo mtu aliyeacha nyuzi 17 usiku Mwanza ajue kule anakuta 10 au chini ya hapo, na upepo juu. Nilijua hilo. Ndio maana nilikuja kwenu mwezi mzima kabla, sikuja kwa ajili ya urembo.

Pazia nalo limepungua shubiri nzima kufika chini. Kazi yake ni moja tu, kuzuia upepo usipite chini ya gari, maana hewa ikitulia hapo chini yenyewe inakuwa kama blanketi, ikipita inafagia joto lote. Likipungua shubiri ni kama hakuna pazia. Na kule ardhi haijanyooka kama yadi yenu, upande mmoja lilikuwa linagusa, upande wa pili naweza kupitisha mguu. Saa sita usiku ringi nne zikachomoka, turubai likawa linapiga bodi pa pa pa mpaka jirani wa hema akatoka na tochi kutuuliza kama tuko salama. Nikalibana na mawe mwenyewe. Mtoto wangu mdogo, miaka minne, ana pumu, alikohoa usiku kucha na mimi ndiye niliyemuahidi kwamba gari letu sasa lina joto.

Tumerudi nyumbani nimeshusha kila kitu. Kipande kilichotakiwa kuwa chepesi kama mto wa kulalia nimekipeleka dukani kwenye mzani, kilo sita, maji na tope. Chesesi, yani fremu ya chuma ya chini ya gari, pale sponji ilipokuwa inalala imeanza kutu jekundu, ndani ya wiki chache tu, maana hamkupiga rangi ya kuzuia kutu kwanza, mmegandisha gundi juu ya chuma kitupu. Foili mmeibana katikati ya chuma na sponji ambapo haina msaada wowote, foili inarudisha joto pale tu inapokuwa na nafasi ya hewa mbele yake. Picha ninazo zote, na picha za matundu kabla sijakata na baada ya kukata.

Ninachotaka. Mnirudishie pesa yangu yote, milioni moja na laki nane. Chesesi isuguliwe na kupigwa rangi kwa gharama yenu, ila kazi ifanyike kwangu nikiwa nimesimama. Povu gumu nitamtafuta mtu mwingine aliweke, na kama mtaendelea na kazi hizi nawaomba sana mjifunze kwamba kila tundu la gesi linavutiwa bomba fupi linalopita kwenye povu mpaka nje na wavu mdogo wa kuzuia panya, kwamba povu linakaa mbali na ekzosi, kwamba pazia linakatiwa nafasi ya ekzosi na linaachwa refu, hatua nzima ya ziada ilale chini ili mtu aweke mawe au mifuko ya mchanga. Na mumkataze yule fundi kuwaambia watu walale injini inawaka. Hilo likatazwe leo.

Nawapa mpaka tarehe 18 Agosti. Baada ya hapo nitapeleka risiti, makubaliano na picha kwenye Tume ya Ushindani maana ndio wanaoshughulika na haki za mlaji, na sitasubiri simu nyingine ya mapokezi.

Jambo la mwisho, na hili halihusu pesa yangu. Siku nachukua gari niliona yadini magari mengine mawili ya kulala yakifanyiwa kazi ileile, Hiace ya kijani na karavani ya kuvuta yenye mabango ya watalii, sponji ileile ilikuwa imerundikwa pembeni yake. Wenyewe sijui wako wapi sasa, wanaweza kuwa njiani na watoto kama mimi. Namba zao mnazo nyinyi. Wapigieni leo hii mukishasoma, muwaambie wafunge mitungi na wasilale humo mpaka matundu yafunguliwe. Mimi naweza kusubiri mpaka tarehe 18.

Mteja wenu,
mwenye Coaster nyeupe