Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: daftari letu la majeruhi

Ndugu wanachama, assalaamu alaykum.

Hesabu za fedha mtazisikia kwa mshika fedha. Mimi nitasema juu ya daftari la majeruhi, yaani kumbukumbu za kila anayeletwa hospitali ameumia, maana ndilo lililotushughulisha mwaka mzima na ndilo lililotushinda.

Msimu wa karafuu nilikesha kwenye chumba cha dharura cha hospitali moja hapa Pemba. Akaletwa mchumaji, tawi limemkatikia juu ya mkarafuu. Muuguzi alikuwa peke yake, na nyuma ya huyo wakaingia wawili wa bodaboda. Daftari lipo mezani, kalamu imefungwa kwa kipande cha bendeji isipotee. Alipopata nafasi ya kuishika kulikuwa kunakucha. Akaandika: "Mwanamme. Ameanguka. Rufaa." Presha, pumzi, saa aliyofika, vyote tupu. Simlaumu hata chembe. Mikono yake ilikuwa na kazi ya kuokoa roho.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa majeraha huua watu wapatao milioni 4.4 kwa mwaka, na takriban 9 katika kila 10 hufia katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Lakini fomu nyingi tunazoletewa zimetungwa kwa hospitali zenye makarani wasio na kazi nyingine ila kujaza. Kipimo cha ukali wa majeraha cha mwaka 1974 kinataka kila jeraha lijulikane na lipewe daraja lake. Pasipo CT skani, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, mtu anakisia. Wenzetu wa Uganda walitunga kipimo cha Kampala: umri, presha, kasi ya pumzi, fahamu, na idadi ya majeraha makubwa. Hayo muuguzi wetu anayaweza kitandani kwa mgonjwa, na ndiyo ninayotaka tuyashike.

Kinachoniuma zaidi ni bahari. Majeruhi akivushwa kwenda hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, hupewa namba mpya, na jina huandikwa vyengine, hasa akiwa hana fahamu. Kwetu anabaki "rufaa" milele. Kule ni mgonjwa mpya. Mtu mmoja kahesabiwa mara mbili, na kama alipona au alikufa hatuna habari. Na anayefia barabarani huzikwa siku ile ile bila kufika hospitali, kwa hiyo daftarini hayumo kabisa. Njia iliyomuua itaonekana salama.

Miradi ya kuliweka daftari kwenye kompyuta nisiirefushe. Mfadhili akiondoka, anayelipia bando na matengenezo huondoka naye.

Naomba mkutano uamue mambo matatu. Fomu iwe ya ukurasa mmoja, yenye vipimo vya Kampala. Namba ya mgonjwa iandikwe kwenye barua ya rufaa na ibaki hiyo hiyo Unguja. Mazungumzo na wenzetu wa huko nimeshayaanza. Na sehemu ya ada zetu ilipe posho ya karani wa usiku msimu wa karafuu. Kila miezi mitatu karani huyo abandike hesabu ukutani, waliozijaza wazione wao kwanza, maana hadi leo karatasi zinapanda juu na hakuna kinachorudi chini.

Mwenye hoja ya kupinga posho ya karani ampelekee katibu kabla ya siku ya mkutano.

Mwenyekiti