Rubani akikataa kutua, msimlaumu

Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji mwenzangu aliyelalamika kuwa ndege aliyopanda ilishuka mpaka akaanza kuona taa za chini, mara ikapaa tena kwa kishindo, ikazunguka, kisha ikaenda kutua uwanja mwingine kabisa. Shughuli zake za siku hiyo ziliharibika. Mwishoni akauliza kama rubani yule anaijua kazi, hasa kwa kuwa, kwa maneno yake, siku hizi kompyuta ndiyo inayorusha ndege na rubani amekaa tu. Pole kwa usumbufu aliopata. Swali lake lakini haliwezi kuachwa hivihivi, nami kiti hicho nimekikalia miaka mingi, kwanza upande wa kulia kama rubani msaidizi na sasa upande wa kushoto kama kapteni.

Nianze na kompyuta. Ni kweli mtambo wa kujiendesha ndio unaoshika ndege sehemu kubwa ya safari. Lakini mtambo huo unafanya ulichoagizwa. Wingu la radi likisimama mbele, ni rubani anayeamua alipitie kushoto au kulia. Na taarifa unazotegemea zikivurugika, mtambo hujitoa, ndege ikabaki mikononi mwa watu. Usiku wa tarehe 1 Juni 2009, juu ya Atlantiki, mirija ya kupimia mwendo ya ndege ya Air France namba 447, iliyotoka Rio de Janeiro kwenda Paris, iliziba kwa barafu. Mtambo ukajitoa. Hazikupita dakika tano ndege ikawa baharini, na watu wote 228 wakapoteza maisha. Mazoezi yetu ya kuishika ndege kwa mkono ikiwa juu sana yamebadilika kwa sababu ya ajali ile.

Kazi yenyewe huanza abiria wakiwa bado kwenye foleni ya mizigo. Tunasoma hali ya hewa ya tunakotoka, tunakokwenda na viwanja vya akiba. Kisha tunakuja kwenye mafuta, na hapa ndipo ningependa wasomaji wanisikilize vizuri. Kuna mafuta ya kutembea ardhini, ya safari yenyewe, ya dharura ndogondogo za njiani, na ya kufika uwanja wa akiba endapo wa kwanza utashindikana. Chini ya yote hayo kuna ya mwisho: dakika 30 za kuzunguka angani, ambazo hatupangi kuzigusa hata siku moja. Kapteni akiona hali ya hewa haimpendezi ana haki ya kuongeza. Kila kilo inayoongezwa ina gharama, na nimewahi kupigiwa simu na ofisi nieleze kwa nini naongeza. Nilieleza, na safari iliyofuata nikaongeza tena.

Hesabu hiyo haichezewi. Tarehe 23 Julai 1983 ndege ya Air Canada, Boeing 767 iliyokuwa mpya, ilijazwa mafuta yaliyohesabiwa kwa pauni badala ya kilo. Injini zote mbili zikazimika katikati ya safari. Marubani waliishusha bila injini hadi Gimli, uwanja wa zamani wa jeshi uliokuwa umegeuzwa wa mashindano ya magari, na hakuna aliyekufa. Ustadi wao unastahili kila sifa. Mimi hata hivyo huitaja ajali hiyo kwa marubani vijana ili wajue kwa nini karatasi ya mafuta inapigwa hesabu na watu wawili.

Baada ya karatasi mmoja wetu anateremka kuizunguka ndege, mvua inyeshe isinyeshe, kurunzi mkononi. Kwenye magurudumu kuna kijiti cha chuma ambacho hufupika kadiri breki inavyolika, unainama, unakitazama. Unapitisha mwanga kwenye mapanga ya injini, moja baada ya jingine, ukitafuta pengo lililoachwa na jiwe au ndege wa angani. Puani unahakikisha vifuniko vya ile mirija ya mwendo vimetolewa. Nyigu hupenda kujenga humo, na tope lao likiziba tundu dogo kama lile, kipimo cha mwendo kinaanza kudanganya.

Sasa nije kwenye ile ndege iliyopaa tena. Tunaposhuka ndani ya ukungu tukiongozwa na mitambo ya uwanja, kuna kimo tulichokubaliana kabla hata ya kuanza kushuka. Viwanja vingi ni futi 200 juu ya ardhi. Tukifika hapo, mmoja anatafuta taa za njia kwa macho. Zikionekana, tunatua. Zisipoonekana, tunapaa, na hakuna cha kusubiri sekunde mbili tatu huenda zikatokea. Hali ni hiyo hiyo kama mwendo umezidi au upepo umetusogeza pembeni. Neno la kupaa anaweza kulitamka yeyote kati ya wawili. Msaidizi akilitamka, mimi kapteni mwenye mvi napaa kwanza, maswali baadaye tukiwa salama.

Utaratibu huo umegharimu damu. Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa Tenerife, kapteni wa KLM, shirika la Uholanzi, aliyeheshimika sana alianza mbio za kuruka ndani ya ukungu bila ruhusa ya mnara wa kuongozea ndege. Mhandisi aliyekaa nyuma yake aliuliza kama ile ndege ya Pan Am ilikuwa imekwisha toka njiani. Alijibiwa kwa uhakika kwamba imetoka, naye hakusisitiza. Haikuwa imetoka. Ndege hizo mbili ziligongana, wakafa watu 583. Kapteni yule alikuwa amecheleweshwa kwa saa kadhaa, na saa zake za kazi zilizoruhusiwa zilikuwa zinaelekea kwisha. Ndiyo maana napata wasiwasi nikisoma mtu akidai rubani asukumwe zaidi awahi.

Msomaji alilalamika pia kuwa dakika kadhaa zilipita bila kapteni kusema neno, watu wakaanza kulia. Naelewa, ukimya ule unatisha. Lakini fikirini kinachoendelea mbele: nguvu ya injini, pua juu, vibawa vya nyuma ya mabawa virudishwe hatua kwa hatua, magurudumu yakunjwe, mnara unatoa uelekeo mpya na kimo kipya, na kuna ndege nyingine karibu. Tumefundishwa kwanza kurusha ndege, pili kujua tunakokwenda, ndipo tuseme na watu. Tukishatulia tunatazama mafuta na kuhesabu: tujaribu tena, au twende uwanja wa akiba? Kapteni wake alikwenda. Maana yake mafuta ya kwenda huko yalikuwapo, kwa kuwa asubuhi ile kuna mtu aliyapanga.

Lipo jambo moja ambalo abiria hawezi kuliona, nalo ni uchovu. Sheria zinaweka ukomo. Ulaya, kwa mfano, rubani harushi zaidi ya saa 100 katika siku 28, wala zaidi ya 900 kwa mwaka. Ila saa za karatasi hazisemi umelala vipi. Katika ajali ya Colgan Air karibu na Buffalo, Marekani, tarehe 12 Februari 2009, iliyoua watu 50, rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kutoka Seattle ili awahi kazini, na wachunguzi walisema uchovu huenda ulipunguza uwezo wa marubani wote wawili. Rubani akijua hakulala anatakiwa kusema na kujitoa. Wengi, hasa vijana wenye deni la ada ya chuo cha urubani, hawathubutu, wakihofia kuonekana wavivu.

Ninaloomba kwa wenye mashirika ni jambo la maandishi: rubani aliyejitoa kwa uchovu asikatwe posho ya safari hiyo, na jina lake lisipelekwe kwa wapanga ratiba kama la mtu msumbufu. Nanyi viongozi wa vyama vya marubani, mkikaa kujadili mikataba, kiwekeni kipengele hicho mbele ya nyongeza ya mshahara.

Kapteni wa ndege za abiria
(Jina limehifadhiwa)