Hatukuwakimbia watoto, Mwalimu

Mhariri,

Mwalimu mkuu mstaafu aliyeandika katika toleo lako la Jumamosi iliyopita ametuita sisi wahadhiri wa saikolojia ya shule wakimbizi: tuliwakimbia watoto, tukaenda kujificha nyuma ya majarida. Nilipoisoma barua yake mara ya kwanza nilikasirika. Niliporudia, nikaona nusu yake ni kweli, na ni nusu hiyo iliyonikalisha kuandika.

Nianze na ile isiyo kweli. Nilikuwa mwanasaikolojia wa shule kwa miaka tisa kabla sijawa mhadhiri. Nilikuwa na shule nne, na kila moja ilinipa chumba chenye kazi nyingine: stoo ya vitabu, chumba cha huduma ya kwanza, kona ya maktaba, na ya nne ofisi ya naibu mwalimu mkuu, akiwa darasani. Kazi yenyewe wengi hawaijui, na hata baadhi ya walimu hudhani ni kuwanasihi watoto watukutu. Kunasihi kumo. Ila sehemu kubwa ni kulitafutia jibu swali moja: mtoto huyu hajifunzi, kwa nini, na shule ibadilishe nini? Unampima, unakaa nyuma ya darasa lake ukimtazama, unazungumza na mzazi, unapekua madaftari yake ya miaka miwili, kisha unaandika ripoti ambayo mwalimu mwenye wanafunzi wengi na muda mfinyu ataweza kuitumia kesho yake asubuhi.

Mwaka wa nane nilipiga hesabu iliyoninyima usingizi. Chama cha Kitaifa cha Wanasaikolojia wa Shule cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1969, kinapendekeza mwanasaikolojia mmoja kwa kila wanafunzi 500. Mimi nilikuwa na zaidi ya 2,000. Kwa mwendo ule, mtoto aliyeandikishwa kwenye orodha yangu akiwa darasa la pili angenifikia akiwa anaaga shule ya msingi. Nikawaza kwamba nikiwafundisha watu kumi kila mwaka, nao wakaenda kwenye shule nne nne, orodha zitaanza kupungua. Basi nikarudi kusoma shahada ya uzamivu, miaka minne, nikikaa dawati moja na vijana ambao wangeweza kuwa wadogo zangu wa mwisho. Nilipohitimu niliajiriwa kwa mshahara mdogo kuliko ule niliouacha shuleni. Hili tunalisemea kwenye korido tu, lakini ndilo linalowafanya wataalamu hodari wa shuleni wasitufuate chuoni.

Sasa nimweleze Mwalimu ninachokifanya siku za Jumanne.

Mwaka jana mtarajali wangu mmoja, yaani mwanafunzi anayejifunza kazi hii kwa vitendo shuleni, alikuwa akimpima mvulana wa miaka tisa. Nilikaa pembeni, kiti nimekisogeza hadi ukutani ili mtoto asidhani ana watahini wawili. Vipimo vya akili vimesanifiwa hivi kwamba wastani ni 100 na mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani, ni 15, kwa hiyo mtoto akipata 70 kushuka chini, mikengeuko miwili chini ya wastani, watu wazima huanza kumzungumza kwa sauti ya kunong'ona. Sehemu nyingi za kipimo zina kanuni ya kusimama: mtoto akikosa maswali kadhaa mfululizo, unaacha na kuhamia sehemu inayofuata. Kanuni hiyo imewekwa kwa huruma, mtoto asiendelee kushindwa bure.

Mvulana alijibu maswali ya mwanzo vizuri kabisa. Kisha ikaja "sijui". "Sijui." "Sijui." Sehemu ya kwanza ikafungwa, ikafunguliwa ya pili. Huko nako vivyo hivyo, ila "sijui" zikaanza mapema zaidi. Ya tatu zikaanza kabla mtarajali hajamaliza kusoma swali.

Mtarajali alikuwa akiandika sifuri kwa mwandiko mzuri. Hakukosea kitu, mwongozo aliufuata neno kwa neno. Mimi nilikuwa namtazama mtoto, na macho ya mtoto yalikuwa kwenye kijitabu cha mtahini, akisubiri kifungwe. Alikuwa amekwisha kugundua kwamba "sijui" chache za mfululizo hufunga kitabu. Yaani katika muda usiofika robo saa, mtoto tuliyeletewa kwa sababu "haelewi" alikuwa ameielewa kanuni ambayo hakuna aliyemwambia.

Nikaomba tupumzike. Mtoto alipotoka nikamuuliza mtarajali, "Umeona nini?" Akanisomea alama. Nikamuuliza tena, "Umeona nini?" Akanyamaza, akapekua karatasi zake mbele na nyuma, mwisho akasema, "Dokta, alikuwa ananiharakisha." Hapo ndipo mafunzo yake yalipoanza. Mihadhara yangu ya muhula mzima ilikuwa haijamfikisha pale.

Wiki mbili zilizofuata tulikaa darasani kwa yule mvulana mara tatu. Kila swali lililohitaji kusoma alijibu "sijui", na mwalimu, kwa upole tu, alihamia kwa mwingine. Hata mwalimu alikuwa na kanuni yake ya kusimama, asijue kama anayo. Mvulana alikuwa hajui kusoma na alikuwa ameificha siri hiyo karibu miaka mitatu kwa neno moja. Sitasema mambo yaliishia vizuri. Bado anasoma kwa taabu. Lakini ripoti iliyoandikwa ilimweleza mwalimu aanzie wapi, na haikubeba tarakimu ambayo ingemfuata mtoto yule kila anakohamia.

Kesi hiyo moja ilinichukua saa kumi na moja, safari sijazihesabu. Nilikuwa na watarajali sita.

Sasa nije kwenye nusu iliyo kweli. Kila mwaka tunajaza fomu ya tathmini. Kurasa nne ni za machapisho: jina la jarida, daraja lake, wangapi wamekunukuu. Ukurasa mmoja ni wa kufundisha. Kukaa kwenye kona ya stoo ya vitabu ukimtazama mtarajali akimtazama mtoto hakuna mahali pake, isipokuwa chini kabisa panapoandikwa "Mengineyo", mistari miwili. Mwaka jana niliandika hapo: "Usimamizi wa watarajali shuleni, saa 190." Nikajibiwa kwa mdomo, na mtu ninayemheshimu, kwamba mwakani nipunguze usimamizi nikazanie uchapishaji, maana kamati ya kupandisha vyeo haina namna ya kuzisoma hizo saa.

Si kwamba sikujaribu. Kisa cha yule mvulana nilikiandika makala, nikabadilisha kila kitu ambacho kingeweza kumtambulisha, nikaomba kibali cha mzazi na cha kamati ya maadili ya utafiti. Jarida la kwanza likaikataa. La pili nalo likaikataa, na msomaji mmoja wa kitaalamu akaandika kuwa sampuli ni mtoto mmoja. Kweli, ni mmoja. Makala iliyonipandisha kuwa mhadhiri mwandamizi ilikuwa na sampuli ya walimu 214 waliojaza hojaji yangu mwishoni mwa vikao vya walimu, dakika ishirini kila shule, wengine wakiwa wameshabeba mikoba. Naifahamu makala ile kuliko mtu yeyote, na sijawahi kumpa mtarajali aisome.

Ajabu ni kwamba taaluma hii ilizaliwa kwa sampuli ya mtoto mmoja. Mwaka 1896, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, mwalimu wa shule aliyekuwa akihudhuria masomo ya mwanasaikolojia Lightner Witmer alimletea mvulana mwenye akili timamu asiyeweza kuandika tahajia sahihi. Witmer alikuwa ametoka kusomea maabara za Ujerumani, mtu wa kupima sekunde na hisia. Hakumjibu mwalimu yule kwamba sampuli ni ndogo. Alimchunguza mtoto, akaona macho nayo yana kasoro, akamfuatilia, na kutokana na swali lile ikafunguliwa kliniki ya kisaikolojia inayotajwa kuwa ya kwanza duniani. Profesa alipata taaluma mpya kwa sababu alikubali kuulizwa na mwalimu.

Walioifuata njia hiyo mwanzoni hawakulazimika kuchagua upande. Mwanasaikolojia Arnold Gesell alikuwa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, na mwaka 1915 akachukuliwa na jimbo la Connecticut kuwa mwanasaikolojia wa shule, cheo kinachosemwa kuwa hakuna aliyewahi kukibeba nchini humo kabla yake. Mwingereza Cyril Burt aliajiriwa na Baraza la Kaunti ya London mwaka 1913 kuwa mwanasaikolojia wake, kwa nusu ya muda wake. Burt simtaji kwa kumsifu. Baada ya kifo chake mwaka 1971, takwimu zake za mapacha, alizozitumia kudai kwamba akili hurithiwa, zilitiliwa shaka kubwa, na hadi leo ninaanza naye somo la maadili ya utafiti. Ila mpango wa ajira ile, mguu mmoja shuleni na mwingine kwenye utafiti, ulikuwa mzuri kuliko mtu aliyeushika.

Leo mpango wa namna hiyo ni nadra, na matokeo yake tunayaona kila tunapotangaza nafasi ya kazi. Mara ya mwisho tulipata waombaji saba. Watano walikuwa na machapisho mengi, na kati yao mmoja tu ndiye aliyewahi kuandika ripoti ya mtoto halisi. Wawili walikuwa na miaka mingi shuleni, bila makala hata moja. Nilikuwa kwenye jopo, kwa hiyo lawama nyingine ni yangu. Tulichagua kati ya wale watano. Aliyeajiriwa ni kijana mwema na mchapakazi, mahiri wa takwimu kuliko mimi, na sasa anafundisha somo la upimaji kutoka kwenye mwongozo. Watarajali wake wataandika sifuri kwa mwandiko mzuri.

Kwa hiyo namkubalia Mwalimu kwamba wako wahadhiri wasiojua stoo ya vitabu inanukaje. Ninachokataa ni kwamba walikimbia. Mlango umewekwa hivyo: ukitaka kuingia lazima uwe umekaa mbali na shule, na ukishaingia, kila saa unayorudi shuleni inakugharimu cheo. Mtaalamu wa shuleni mwenye miaka kumi ya kazi akinijia kuuliza kama aje chuoni, simdanganyi. Namwambia kufundisha watu wanaokwenda kufanya kazi uliyoipenda ni raha ambayo sijaipata kwingine, na siku mtarajali wa zamani anapokupigia simu kubishana nawe juu ya kesi, na ukagundua yeye ndiye mwenye haki, siku hiyo inalipa mengi. Kisha namwonyesha ile fomu. Wawili kati ya watatu waliowahi kunijia wameishia hapo.

Dawa ninayoipendekeza haihitaji jengo wala mtaala mpya. Saa za usimamizi shuleni zipewe ukurasa wake kwenye tathmini, zipate uzito sawa na makala, na ripoti za watarajali zilizoondolewa majina ziwekwe mbele ya kamati kama ushahidi wa kazi ya mhadhiri. Anayedai kwamba hazipimiki akumbuke tunazungumza na watu ambao kazi yao ni kupima. Chama kile cha Marekani nilichokitaja kinataka mtarajali afanye angalau saa 1,200 za utarajali, 600 kati ya hizo ziwe shuleni. Ikiwa saa za mwanafunzi zinahesabika hivyo, sioni kwa nini za mtu anayekaa kwenye kona zishindikane. Na nafasi chache, hata mbili tu kwa kila idara, ziwe za nusu kwa nusu: siku kadhaa chuoni, nyingine shuleni ukiwa na watoto wako mwenyewe, siyo wa kuazima kwa watarajali. Ningekuwa wa kwanza kuomba. Upimaji wangu wa mwisho wa mtoto, nikiwa peke yangu naye mezani, ulikuwa miaka sita iliyopita, na ninapowasahihisha watarajali huwa najiuliza mikono yangu ingekuwa na wepesi gani sasa.

Namalizia kwa ombi kwa Mwalimu mwenyewe. Kila Jumatano mchana watarajali wangu huleta ripoti zao, nasi huzisoma kwa sauti. Mimi huzisoma kama mhadhiri, wao kama watu wanaotaka maksi. Hatujawahi kuwa na mtu anayezisoma kama mwalimu mkuu mwenye ripoti nyingine saba mezani na kengele inakaribia kulia. Aje aketi nasi, na kwenye kila ripoti atuwekee alama ya kalamu mahali ambapo, enzi zake, angeacha kusoma. Mhariri anayo anwani yangu, naomba ampatie.

Ni mimi msomaji wako,

Mhadhiri Mwandamizi, Saikolojia ya Shule
(Jina limehifadhiwa)